Usukani unazunguka, boti haigeuki: kisa cha silinda iliyovuja

Tuchukue boti ya fiber ya futi 28, yenye mashine mbili za Yamaha za nguvu farasi 115 kila moja, inayopeleka wapiga mbizi kutoka Utende, Mafia, hadi nje ya Ghuba ya Chole. Usukani wake ni wa haidroli, yaani unasukumwa kwa mafuta, kwa mpangilio ulioenea kwenye boti za ukubwa huu: pampu iko nyuma ya usukani, mipira miwili ya mafuta inapita chini ya sakafu hadi shetri (nyuma ya boti), na silinda moja imefungwa mbele ya mashine ya kushoto. Mashine ya kulia haina silinda yake. Inavutwa na chuma cha kuunganisha kilichofungwa kwenye mikono ya mashine zote mbili, kwa hiyo silinda ikikosa nguvu, mashine zote zinapoteza mwelekeo kwa pamoja. Ndani ya ghuba huo ni usumbufu tu. Kwenye Mlango wa Kinasi ni habari nyingine, maana hapo maji ya ghuba hutoka na kuingia kwa kasi, na wakati wa bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Malalamiko ya nahodha ni haya. Usukani umekuwa mwepesi, unazunguka sana kabla mashine hazijaitika. Kila baada ya siku chache pampu inadai mafuta. Yameongezwa mafuta ya tustroki, yale ya kuchanganywa na petroli, kwa sababu ndiyo yaliyokuwemo botini. Fundi ameshatazama na kusema pampu imekufa, iagizwe nyingine Dar es Salaam.

Pampu haikuwa na kosa. Husingiziwa mara nyingi kwa sababu ndiyo sehemu ambayo mkono wa nahodha unaigusa: ubovu wowote kati ya usukani na mashine husikika pale pale. Kabla ya kuagiza kitu, mfumo wenyewe uulizwe, na unajibu bila hata spana kufunguliwa.

Kuhesabu mizunguko

Pampu ya kawaida ya chapa ya SeaStar husukuma karibu sentimita za ujazo 28 za mafuta kwa kila mzunguko wa usukani. Silinda ya mbele ya aina hiyo hiyo hupokea karibu sentimita za ujazo 138 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Gawanya, utapata mizunguko 4.9, yaani usukani mzima uzunguke mara tano hivi kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Kama pampu au silinda ni ya aina nyingine, namba zitabadilika, lakini hesabu ni ile ile, na vipimo vyote viwili viko kwenye kitabu cha kifaa.

Boti hii ilihitaji mizunguko saba. Mizunguko miwili inapotea, nayo ni sawa na sentimita za ujazo 56, zaidi ya theluthi moja ya silinda. Hapo unajua kuna kosa, ila hujajua liko wapi. Kinachotenganisha makosa ni namna usukani unavyofanya ukifika mwisho.

Uzungushe mpaka mashine zisimame kwenye ukomo wao, ukandamize kwa nguvu ya mkono, kisha uachie. Ukirudi nyuma kama ulio na springi ndani, kuna upepo kwenye mfumo: hewa imebanwa na sasa inajitanua. Usiporudi, ila ukaendelea kusogea polepole kila unapokandamiza, mafuta yanapita mahali yasipopaswa kupita. Huenda ni kwenye sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya pistoni ndani ya silinda, au ni kwenye vali za pampu. Angalizo moja: pampu ina vali ya kupunguza presha, inayofunguka karibu psi 1000, sawa na bar 69 hivi. Mtu mwenye misuli anaweza kuisukuma hadi ifunguke na kudhani amegundua ubovu. Kandamiza kwa nguvu ya kawaida.

Usukani wa boti hii ulirudi karibu robo mzunguko. Upepo, basi. Lakini upepo hauingii wenyewe kwenye mfumo uliofungwa.

Jaribio la pili linafanyika shetri. Shika mashine kwa mikono miwili uisukume kushoto na kulia, usukani ukiwa haujashikwa. Mashine isogee kidogo sana au isisogee kabisa. Ikisogea na usukani ukazunguka wenyewe, vali za kufungia ndani ya pampu zina uchafu au zimekwisha. Ikisogea na usukani ukabaki umetulia, ni upepo au ni sili ya pistoni. Hapa mashine zilisogea karibu vidole vitatu, usukani haukutikisika. Shaka juu ya pampu ikazidi kupungua.

Mwenye kutaka uhakika kamili kuhusu pampu afungue mipira miwili pale pale nyuma ya usukani, azibe matundu kwa plagi za shaba zenye tredi (nyuzi za skrubu) sahihi, ajaze mafuta, kisha azungushe. Pampu nzima itagoma baada ya sehemu ndogo ya mzunguko, pande zote mbili. Pampu iliyokufa itaendelea kuzunguka. Hii iligoma.

Mafuta yalikokuwa yakienda

Silinda ilifutwa kwa kitambaa kikavu, ikasafishwa chumvi yote, kisha usukani ukazungushwa mara kumi kwenda na kurudi. Upande wa kushoto, pale ambapo shafti inaingia kwenye kofia ya silinda, lilitokea duara jembamba la mafuta. Kila mara silinda ilipopita, shafti iliachwa na utando unaong'aa, na mwishowe tone likaanguka. Upande wa kulia palikuwa pakavu.

Mlolongo wote ukaonekana. Kwenye aina hii shafti imesimama, silinda ndiyo inayotembea juu yake. Sili ya kushoto ikaacha kuzuia, mafuta yakawa yanatoka tone kwa tone. Akiba pekee ya mafuta iko ndani ya pampu yenyewe, nayo ni ndogo. Kiwango kiliposhuka, boti ikilala ubavu kwenye wimbi, pampu ilivuta hewa pamoja na mafuta. Nahodha akaongeza mafuta, kiwango kikapanda, lakini hewa iliyokwisha kupita kwenye mipira ilibaki humo. Ndiyo sababu kuongeza mafuta kulisaidia kidogo na kwa muda mfupi: kulijaza pampu bila kutoa upepo wala kuziba pa kuvujia.

Swali lililobaki ni kwa nini sili moja ife na nyingine iwe nzima, wakati umri wao ni mmoja. Jibu lilipatikana kwa ukucha. Pitisha ukucha juu ya shafti, polepole, kwa urefu wake wote na kuizunguka. Upande wa kushoto ukucha ulinasa kwenye mikwaruzo mitatu iliyo sambamba, karibu kabisa na mahali pa kusimamia silinda boti ikienda moja kwa moja. Mikwaruzo ilikaa mshazari, na kamba ya shetri nayo ilikuwa ikipitishwa mshazari pale pale kila boti ilipofungwa. Kamba iliyolala mchangani maji yakiwa yamekupwa hubeba mchanga ndani ya nyuzi zake, na ikivutwa na wimbi usiku kucha juu ya shafti hufanya kazi ya msasa. Chuma cha pua hakipati kutu haraka, lakini hukwaruzika kama chuma kingine chochote. Sili hiyo ilikuwa ikipita juu ya mikwaruzo hiyo kila usukani ulipotoka katikati.

Palikuwa na mchango wa pili, usioonekana kwa macho. Silinda ilipofunguliwa kutoka kwenye mkono wa mashine na chuma cha kuunganisha kikatolewa, mashine ya kushoto iligeuka kwa kidole. Ya kulia ilihitaji bega. Grisi kwenye ekseli yake ya kugeukia ilikuwa imekauka. Kwa hiyo silinda ilikuwa inasukuma mzigo mzito kuliko inavyostahili, presha ndani ikawa juu muda wote, na sili iliyokwaruzwa ikafa mapema zaidi. Nipo (chuchu) za grisi zilipigwa grisi ya baharini mpaka ya zamani, nyeusi na ngumu, ikatoka yote na mpya ikafuata. Jaribio hili la kusukuma mashine kwa mkono lifanyike kila mara silinda inapofunguliwa. Kubadilisha silinda bila hilo ni kuiweka mpya kwenye mateso yale yale.

Kutengeneza au kubadilisha

Shafti ingekuwa laini, kazi ingekuwa ndogo: kofia mbili za silinda zinafunguliwa kwa spana ya pini, sili na oringi mpya zinawekwa, basi. Pande zote mbili hubadilishwa hata kama unaovuja ni mmoja. Ujanja uko kwenye kurudisha. Tredi za mwisho wa shafti zina makali, na mdomo wa sili ni laini. Sili mpya ikipitishwa juu ya tredi tupu hukatwa kabla haijafanya kazi hata dakika moja, na fundi hurudi kulaumu sili feki. Tredi zifunikwe kwa tepu nyembamba au kwa kofia ya plastiki inayokuja na sili, shafti ipakwe mafuta ya haidroli, kisha sili isukumwe ikiwa inazungushwa kidogo kidogo.

Lakini ukucha ulinasa. Sili mpya juu ya shafti iliyokwaruzwa itashika kwa majuma, labda kwa miezi kama boti inapumzika sana, halafu itarudi kuvuja. Kwa boti ya kuvulia karibu na pwani, yenye mashine moja na kasia ndani, huenda mwenyewe akaamua kwenda hivyo hadi apate fedha, na huo ni uamuzi wenye akili. Kwa boti inayopitisha abiria Kinasi, hapana. Silinda ilibadilishwa nzima, na pampu ikabaki ile ile.

Mipira nayo ilibadilishwa. Haikuwa inavuja, ila kwenye kona ya shetri, pale inapopinda kila mashine zinapoinuliwa, ngozi yake ya nje ilikuwa na nyufa. Kipimo kilikuwa mita 7.5 kila mmoja, pamoja na kitanzi cha kuruhusu mashine zigeuke na kuinuka. Usikubali kuungiwa kipande kipya cha shetri na cha zamani chini ya sakafu. Kiungo kilichojificha kikivuja, utakijua mafuta yakiwa yameshaelea kwenye maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti.

Kazi yenyewe ilifanyika boti ikiwa mchangani, wakati wa maji kupwa. Inawezekana kufungua silinda boti ikiwa majini, na wengi hufanya hivyo, lakini bolti ikiponyoka mkononi imekwenda. Shafti ya zamani ilikuwa imeshikana na bomba la kuinulia mashine kwa sababu ya chumvi. Dawa ni mafuta ya kulegeza kutu, kusubiri, kisha kugonga kwa kipande cha shaba au mbao ngumu. Nyundo ya chuma hupanua ncha ya shafti, na ikishapanuka haitoki tena bila kukatwa. Bomba lilisafishwa ndani kwa msasa laini na kupakwa grisi kabla shafti mpya haijaingia.

Mambo mawili kwenye ufungaji hayana mjadala. Nati inayoshika silinda kwenye mkono wa mashine ni ya kujifunga yenyewe, yenye nailoni ndani, na haitumiki mara ya pili. Ikitoka, inawekwa mpya. Pili, tepu nyeupe ya mafundi bomba haina kazi hapa. Vipande vyake hukatika na kusafiri na mafuta hadi kwenye vali za pampu, zikashindwa kufunga, na hapo ndipo pampu nzima inapokuja kuwa mbovu kweli. Tredi zinazohitaji kuzibwa zipakwe gundi ya maji ya tredi, na uzi wa kwanza uachwe mtupu. Nati za mipira hazipakwi chochote, zinakazwa tu, bila kupita kipimo cha kitabu. Wakati wa kupitisha mipira chini ya sakafu, ncha zake zibaki zimezibwa: mchanga ukiingia humo mwisho wake ni kwenye pampu.

Mafuta na kutoa upepo

Mfumo huu umetengenezewa mafuta mepesi ya haidroli ya daraja la ISO VG 15. Namba hiyo ni uzito (mnato) wa mafuta kwenye nyuzijoto 40. Mafuta ya injini ya SAE 40 ni mazito takriban mara kumi ya hapo, na usukani utakuwa kama unakoroga uji. Yale ya gia boksi otomatiki ni mazito zaidi ya mara mbili. Yatakufikisha nyumbani ukiwa umekwama, kisha yatolewe. Tustroki iliyokuwa imewekwa hapa ina vitu vilivyotiwa ili yaungue vizuri na petroli, haikutengenezwa kukaa kwenye sili. Ila afadhali hayo yote kuliko mafuta ya breki. Hayo hufanya sili za mpira za mfumo huu zivimbe na kulainika, na yakishaingia, kila sili na kila mpira unatupwa. Kama dukani umekosa ya boti, ulizia mafuta ya haidroli ya ndege ya kiwango cha MIL-H-5606, yale mekundu. Watengenezaji wengi wa mifumo hii huyakubali.

Zilitumika lita 3. Moja ilikuwa ya kusafishia: ilimwagwa kwenye pampu na usukani ukazungushwa polepole mpaka mafuta yanayotoka yakawa safi, bila rangi ya tustroki. Mbili zilikuwa za kujaza na kutoa upepo.

Kazi hii inataka watu wawili. Chupa ya mafuta inafungwa mpira wenye tredi za kifuniko cha pampu, inapinduliwa juu ya usukani, na kitako chake kinatobolewa ili mafuta yashuke. Chupa isikauke hata mara moja hadi kazi iishe. Ikikauka, hewa imeingia tena na mnaanza upya.

Usukani unazungushwa kulia hadi mwisho. Silinda itakuwa imehamia kushoto, na chumba chake cha kulia kimebanwa, karibu hakina kitu. Fungua nipo ya kutolea upepo ya upande huo wa kulia, ikiwa imechomekwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na ncha yake nyingine iko kwenye kopo. Aliye shetri anaishika silinda kwa mikono isisogee. Hapa ndipo wengi wanapokosea: silinda ikiachwa itembee, mafuta yatajaza chumba badala ya kusukuma hewa nje. Aliye mbele anazungusha usukani kushoto, taratibu. Kwanza hutoka hewa tupu, kisha povu jeupe kama la sabuni, kisha mafuta yenye vitone vya hewa vinavyokimbia, mwisho mafuta yaliyotulia. Nipo inafungwa usukani ukiwa bado unazunguka. Silinda inaachiwa, usukani unaendelea kushoto hadi mwisho, kisha kazi ile ile inarudiwa kwa nipo ya kushoto huku usukani ukizungushwa kulia. Mafuta yaliyotoka na povu yasirudishwe kwenye chupa.

Kipimo cha kumaliza: ondoa chupa, kandamiza usukani kwenye mwisho wa kila upande na utazame kiwango ndani ya tundu la pampu. Kikishuka unapokandamiza, kuna hewa bado. Kikitulia na mizunguko ikawa tano, pasipo usukani kurudi kama springi, funga kifuniko. Boti hii ilipata mitano hivi, na mashine zikisukumwa kwa mkono hazikusogea.

Kabla ya kwenda majini mashine ziliinuliwa juu kabisa, zikageuzwa kushoto na kulia kabisa, na mipira ikatazamwa kama inavutika au inabanwa na chuma cha kuunganisha. Baada ya hapo boti ilizungushwa ndani ya ghuba kwa mwendo mdogo, kisha kwa mwendo wa kazi, maji yakiwa yamesimama. Siku ya kwanza si ya kwenda Kinasi.

Usukani ukifia nje huko, mashine mbili zinaweza kumrudisha mtu, lakini si zikiwa zinayumba ovyo. Punguza mwendo kwanza, kisha fungeni mashine kwa kamba pande zote zikae katikati, halafu ongoza boti kwa kuongeza moto upande mmoja na kupunguza mwingine. Kwenye mwendo wa taratibu inatosha kukaa njiani. Asiyefunga mashine kwanza atashangaa zinageuka zinakotaka kila akiongeza moto.

Katika safari za mwanzo kiwango cha mafuta hushuka kidogo, kwa sababu vitone vya hewa vilivyoganda kwenye mipira vinapanda hadi kwenye pampu. Kinaongezwa mara moja au mbili na kutulia. Silinda hufutwa kila jioni kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) na kitambaa, bila petroli wala dawa za kuyeyusha mafuta, na nati zake hukazwa tena baada ya juma la kwanza la kazi. Kamba ya shetri sasa inafungwa kwenye boladi (vigingi vya kufungia kamba) za pembeni. Ndani ya sanduku la vifaa kuna chupa moja ya lita iliyofungwa, pamoja na mpira wake wa kujazia, kwa maana chupa bila mpira ule haifai kitu boti ikiwa inayumba.